Kila Mwanamke Aliandikwa Salama

Langoni, Lamu
Jumatatu, 12 Mei 2025

Mpendwa Bi Nasreen,

Naapa kwa Mola wangu kwamba nitakueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, kwa sababu mwalimu wetu hutuambia kuwa anayeomba msaada huku ameficha nusu ya jambo hupata nusu ya msaada, na mimi nusu hainitoshi, nauhitaji wote, tena kabla ya Jumamosi.

Mimi ni msichana wa kidato cha tatu, nakaa Langoni na wazazi wangu, na ni mwanachama wa klabu ya kompyuta ya shule yetu. Nakujua kwa sababu mama hunisomea ukurasa wako wa ushauri nikiwa napepeta mchele, na ukimkaripia mtu mama hucheka na kusema umemweza. Leo najua ni zamu yangu kukaripiwa na niko tayari, ila naomba unijibu kwanza.

Kikundi cha akina mama cha mtaani kwetu kimeahidiwa kliniki ya siku moja ya madaktari wa wanawake, watu wa kujitolea, na siku yenyewe ni Jumamosi hii. Kwa kuwa wanawake wa Kipungani na Pate na hata Mkokoni kule bara hawawezi kuonwa wote kwa siku moja, mwenyekiti wa kikundi, Bi Mahfudha, alimwomba mwalimu wetu wa kompyuta, Mwalimu Fanuel, tovuti ndogo ambayo mwanamke ataijaza kwa simu yake au ya jirani, ili nesi wa kliniki ajue nani ana shida kubwa atumiwe boti, na nani anaweza kungoja kliniki ijayo, ambayo hakuna ajuaye itakuwa lini. Mwalimu akatuachia kazi hiyo sisi wa klabu, na mimi nikapewa fomu, nikaona nimepewa dunia.

Inanibidi nikueleze inavyofanya kazi, maana bila hilo hutalielewa kosa langu. Tovuti yetu ina matabaka matatu. La juu ni ukurasa anaouona mwanamke, wenye visanduku vya kujaza jina, umri, kijiji na namba ya simu. La chini ni ghala, ambamo majibu hukaa. Katikati kuna tabaka lisiloonekana na mtu, kazi yake ni kupokea kilichoandikwa juu, kukikagua na kukiteremsha chini, kwa sababu ukurasa wenyewe hauruhusiwi kuingia ghalani. Mwalimu alitufundisha kwamba hilo la katikati lisibebe kila linaloletewa, maana mtu mbaya anaweza kupenyeza kitu chake humo, bali libebe vile visanduku tu tulivyolitajia, na kisichotajwa likiache njiani bila kusema neno. Niliipenda sana kanuni hiyo, niliiona ina adabu, kama mtu anayelinda mlango.

Fomu ilipokuwa karibu kwisha, Bi Mahfudha akasema tumesahau jambo kubwa, hakuna mahali pa mwanamke kueleza anaumwa na nini. Nikaongeza kisanduku cha maelezo kwenye ukurasa na nikakitengea nafasi ghalani. Kisha nikawaza kuwa wengi wataona haya, watakiacha kitupu, na nafasi tupu ghalani haipendezi, inafanana na mtu aliyesalimiwa akanyamaza. Wewe unajua kwetu mtu akiulizwa habari haanzi na uchungu wake, hujibu salama kwanza, hata kama ametoka kuzika, na baadaye ndipo anapoeleza. Basi nikaliagiza tabaka la katikati kwamba likikosa maelezo ya mtu, limwandikie Salama. Niliona nimewahifadhia wanawake heshima yao. Nilichosahau, Bi Nasreen, ni kukitaja kisanduku hicho kipya miongoni mwa vile vinavyoruhusiwa kubebwa.

Huenda unauliza kama sikujaribu. Nilijaribu. Nilijaza jina langu, umri wangu na Langoni, na nilipofika kwenye maelezo mkono ukasita, kwa sababu mama ametulea tukijua kwamba kujitajia maradhi usiyokuwa nayo ni uchuro, ni kuyaita yaje. Nikakiacha kitupu. Ghalani ikatoka Salama, kama nilivyoagiza, nikafurahi, nikamwambia Mwalimu kazi imekamilika. Alinisifu mbele ya klabu nzima. Baba, ambaye tangu mwanzo alikuwa akisema kompyuta zitanichelewesha kurudi nyumbani na hazitanipikia chochote, alisikia habari hizo msikitini kutoka kwa watu wengine, na jioni ile akaniuliza kama ni kweli chuo kikuu kuna masomo ya mambo hayo. Hakusema zaidi. Lakini aliuliza.

Sasa nije kwa khalati yangu. Mdogo wake mama, Khalati Mwanamkisi, anakaa Kipungani na anasuka mikeka. Tulipokwenda kumtembelea mwezi uliopita nilimwona anashona ukili kwa mkono wa kulia tu, wa kushoto ameubana ubavuni, nikamuuliza kama umemchoka, akanivuta chumbani. Alinionyesha. Ana uvimbe kwenye titi la kushoto, mgumu kama kokwa, hauumi, na alisema unazidi kukua. Nilimwambia habari za kliniki na za tovuti yetu, na kwa kuwa hakutaka mtu mwingine ajue, mimi mwenyewe nilimjazia fomu kwenye simu yake, neno kwa neno kama alivyonitajia, yeye akitazama mlangoni wakati wote. Nilipomaliza alinishika mkono.

"Usimwambie mtu, mwanangu, hata mamako," alisema. "Amemuuguza mama kwa yambo kama hili hata akamzika. Simtwiki mzigo huo tena."

Niliapa. Nilirudi Lamu nikiwa na uzito, lakini nilijipa moyo kwamba madaktari watayasoma maneno yake na boti itakwenda kumchukua.

Baada ya siku kadhaa nesi alikuja shuleni na Bi Mahfudha kuitazama orodha, nami nikawa wa kuwafungulia. Nilikuwa nimesimama nyuma yao, kwa adabu, siangalii kioo, kwa sababu Mwalimu alisema habari za wagonjwa si zetu. Nikamsikia nesi akishangaa kwamba kila mwanamke ameandika salama. Bi Mahfudha akacheka.

"Wanawake wetu hawa," alisema, "hata roho ikiwa kooni atakwambia salama."

Wakacheka wote wawili, na mimi nikacheka. Bi Nasreen, nilicheka. Wakakubaliana kwamba kwa kuwa hakuna aliyeeleza shida, basi wachague kwa umri, wazee watumiwe boti na wengine wangoje. Ujumbe wa kuwaarifu wanaongoja niliutunga mimi na ukaenda wenyewe kwenye simu zao. Ulisema hivi: Asante kwa kujiandikisha. Kwa mujibu wa maelezo yako, uko salama. Utaarifiwa kliniki ijayo, inshallah. Nilichagua maneno hayo kwa sababu yalisikika kama ya ofisi.

Juzi Jumamosi tulikwenda tena Kipungani. Khalati alitupokea kwa furaha, amevaa leso mpya, anaimba jikoni, na mama alipotoka kwenda kuteka maji alinivuta pembeni akanionyesha simu.

"Alhamdulillahi," aliniambia. "Madaktari wameyasoma, wameona sina yambo. Nawe ulinitisha bure na kliniki yako."

Akanifinya shavu. Nilitazama ule ujumbe wangu mwenyewe, nikakumbuka nilivyoandika kwa vidole vyangu neno uvimbe na neno unakua, na hakuna daktari duniani ambaye angesoma maneno hayo akajibu salama. Nilitaka kusema, mama akarudi na ndoo, nikaenda kumpokea. Njia nzima ya kurudi nilinyamaza, na mama akadhani nimechafukwa na moyo kwa mwendo wa boti.

Leo asubuhi, kabla ya kengele, niliomba ufunguo wa chumba cha kompyuta. Nilifungua ghala. Safu yote ya maelezo, kuanzia jina la kwanza hadi la mwisho, ilikuwa Salama, Salama, Salama. Nilijipa tumaini kwamba huenda khalati peke yake ndiye aliyeandika kitu na wengine waliacha kitupu, basi nikajaza fomu upya kwa jina langu, na safari hii nikajikaza nikaandika kichwa kinaniuma, nikatuma, nikashuka ghalani kuangalia. Ilikuwa Salama. Nikaandika nimevunjika mguu. Salama. Hapo ndipo nilipofungua mistari ya tabaka la katikati na kuona kisanduku cha maelezo hakimo katika vile vya kubebwa. Kila kilichoandikwa na kila mwanamke kiliachwa njiani bila neno, kama tulivyoagiza, na mahali pake nikamjibia mimi.

Kusahihisha ilikuwa mstari mmoja. Niliutia na sasa maneno yanapita. Lakini yale ya zamani hayakuhifadhiwa popote, hayakufutwa hata niweze kuyatafuta, hayakupata kufika. Nilikaa nikiyasoma majina. Kuna mwanamke wa Mkokoni mwenye umri kama wa mama, kuna msichana wa Pate anayenizidi kidogo tu, na kila mmoja huenda aliandika jambo ambalo hajapata kumwambia mtu, kisha akapokea ujumbe kwamba kwa mujibu wa maelezo yake yu salama. Ninamjua mmoja tu. Wengine huenda wanaimba jikoni.

Wakati wa mapumziko nilimwambia Israa, rafiki yangu wa klabu, ila habari ya khalati sikuitaja. Israa alikodoa macho, kisha akaniuliza kama nimekwisha kusahihisha, nikamwambia ndiyo.

"Basi shughuli imekwisha," alisema. "Wewe nawe unapenda kujipalia makaa. Nani atajua?"

Nikamwambia wanawake wameambiwa ni wazima. Akasema mtu anayeumwa kweli hangoji tovuti ya watoto wa shule, atakwenda hospitali, na tena tovuti hii ndiyo tunayoipeleka Mombasa kwenye mashindano mwezi ujao, na baba yake amemruhusu kusafiri kwa mara ya kwanza maishani, na nikifungua mdomo si mimi tu nitakayeaibika. Alikuwa karibu kulia. Mimi simlaumu, nami naitaka Mombasa hiyo. Naogopa Mwalimu Fanuel ataondolewa kazi ya klabu, naogopa Bi Mahfudha atasema ndiyo haya ya kuwapa watoto kazi za watu wazima, na naogopa baba hataniuliza tena kuhusu chuo kikuu.

Na sasa nikueleze lile linalonitia aibu kuliko yote. Baada ya masomo nilirudi kwenye kompyuta, nikafungua jina la khalati kule ghalani, nikaifuta Salama na kuanza kuandika maneno yake kwa mkono wangu. Ningeweza. Nesi angeona, boti ingekwenda, na hakuna ambaye angeuliza. Nilifika kwenye neno uvimbe nikasimama, kwa sababu juu yake kulikuwa na jina la mwanamke mwingine na chini yake la mwingine, na wote wawili ningewaacha vilevile. Nikafuta nilichoandika na kurudisha Salama, na kuirudisha kuliniuma kuliko mara ya kwanza, maana mara ya kwanza sikujua.

Tangu Jumamosi siwezi kusalimiana na watu. Leo nikipita sokoni mama muuza samaki aliniuliza habari za nyumbani na neno salama likanishinda, nikatikisa kichwa tu, akasema watoto wa siku hizi hawana adabu.

Nikimwambia khalati, nitamrudishia hofu aliyokwisha kuitua, na sijui kama ataniamini tena. Nikimwambia Mwalimu, ataniuliza nimejuaje, na nimeapa kutosema. Nikinyamaza, Jumamosi itafika na madaktari watakuja na watakwenda zao. Naomba unijibu kwa barua pepe hii hii mara tu uisomapo: niende kwa nani kwanza, kwa mwalimu wangu aliyeniamini, au kwa khalati yangu ambaye anadhani daktari amemwambia ni mzima?

Mwanao mwenye hofu,
Langoni

*

Bi Nasreen anajibu

(Barua hii ilinifikia Jumanne asubuhi na nikamjibu kabla ya adhuhuri. Nilichomwandikia ndicho hiki, sikuongeza wala kupunguza.)

Binti yangu,

Nenda kwa khalati yako kwanza. Leo. Usimpigie simu na usimwandikie ujumbe, maana ujumbe wako umekwisha kufanya kazi yake. Mwombe mama ruhusa ya kwenda Kipungani, umwambie ukweli kwamba kuna jambo la kliniki ulilolikosea na lazima ulisahihishe mwenyewe. Hapo hujavunja kiapo. Ukifika mkae chumbani kama siku ile, na umwambie maneno machache: hakuna daktari aliyesoma habari yako, khalati, ujumbe ule niliutunga mimi, maneno yako yalipotea mikononi mwangu. Kisha nyamaza umwache akasirike. Ana haki. Usimbembeleze akusamehe, hukwenda kwa ajili hiyo.

Unasema utamrudishia hofu aliyoitua. Mwanangu, hofu ile haikuwa mzigo wa kumtua, ilikuwa ndiyo inayomsukuma kwa daktari, na wewe umemnyang'anya. Mrudishie. Mwambie pia kwamba uvimbe si lazima uwe ule uliomuua mama yao, uko wa namna nyingi na mwingi hauna madhara, lakini kulijua hilo ni kazi ya daktari, si ya simu wala ya kukaa na kuimba jikoni. Mwambie Jumamosi utakuwa mlangoni kwa madaktari ukimngoja. Akikataa, mwombe akufungue kiapo umwambie mamako. Dada aliyemuuguza mama yake atakasirika zaidi kwa kufichwa kuliko kwa kuambiwa, na hilo nalo mwambie, useme ni neno langu.

Kesho asubuhi, kabla ya kengele, uwe mbele ya Mwalimu Fanuel. Unaogopa atakuuliza umejuaje. Umejua kwa sababu uliandika umevunjika mguu na mguu wako ni mzima na kompyuta ikakujibu salama. Huo ushahidi unatosha na hauna jina la mtu ndani yake. Mwonyeshe. Mwonyeshe pia mstari uliousahau na ule uliouongeza, usimfichie hata kimoja, wala usimtaje Israa.

Mwalimu akishajua, twaeni njia moja mpaka kwa Bi Mahfudha, na kikundi kiwapigie wanawake wote waliojiandikisha, mmoja mmoja, kwa sauti ya mwanamke. Wapige wao, si nyinyi wasichana. Na kwa kuwa wengi walitumia simu ya jirani au ya mume, wasiseme lolote mpaka wahakikishe aliyeshika simu ni mwenyewe, na wasimuulize kama ni mzima, maana wanalijua jibu. Wamwambie maelezo yake hayakufika, na wamuulize, uliandika nini? Nesi ataipanga orodha upya. Siku zinatosha zikitumika kuanzia kesho, zikitumika kuogopa hazitoshi.

Sasa nikukaripie, mamako asikie. Ulipomwekea mtu jibu ambalo hakulitoa, hukumhifadhia heshima, ulimsemea. Mtu akisalimiwa akanyamaza, jirani mwema humtazama mara ya pili, na wewe uliwazibia watu hata hiyo mara ya pili. Kisanduku kikiwa kitupu kiandikwe hajajibu, na kikipotea njiani hilo tabaka lako la katikati lipige kelele lisikike mpaka Mokowe. Adabu ya kunyamaza ni ya watoto mbele ya wageni, usiifundishe mashine. Na habari ya uchuro nimeielewa, nami mama yangu alikuwa hivyo hivyo. Basi siku nyingine mtungie mwanamke asiyekuwapo duniani, umpe jina refu na kila maradhi unayoyajua, umtume apite matabaka yote matatu, na usitoke mbele ya kompyuta mpaka ayafikishe ghalani yote bila kupungua.

Kuna na wengine wa kukaripiwa. Nesi aliona safu nzima ya wanawake wasioumwa popote, na badala ya kuuliza akacheka. Bi Mahfudha anawajua wanawake wake kwamba husema salama roho ikiwa kooni, na alipowaona wamesema salama akawaamini. Mwalimu wako aliipokea kazi yenye roho za watu ndani na hakuijaribu kwa mkono wake. Watu wazima watatu, na aliyekosa usingizi ni mtoto. Wakisoma hapa na wanijibu.

Lile la kufuta maneno ya khalati yako na kurudisha Salama, usiliite aibu. Uliiona ndia fupi ya kumwokoa mtu wako peke yake na ukaiacha, ukaona majina ya juu na ya chini yake. Mtu wa namna hiyo ndiye ninayemtaka awe na funguo za ghala lenye siri zangu. Lakini kuiacha ndia fupi bila kushika ile ndefu si wema, ni kusimama tu barabarani. Ishike.

Mombasa mwende. Israa aende, baba yake asije akaghairi. Na mtakapoulizwa tovuti yenu inafanya nini, muanze na ilichokosea. Kuhusu baba yako, mwambie wewe mwenyewe kabla hajalisikia msikitini, kwa sababu sifa zako alizisikia kwa watu, lawama zako azisikie kwako. Sidhani kama swali lake la chuo kikuu litakufa kwa hilo. Na likifa, niandikie, nina maneno naye.

Ukisharudi kutoka Kipungani niandikie, nangoja. Usianze barua kwa kuniambia ni salama. Anza na alivyosema yeye.

Bi Nasreen

Majina katika ukurasa huu si ya wahusika wenyewe. Umechapishwa kwa idhini ya msichana aliyeandika, na ya khalati yake.